Ng'ombe Walipokula Nyumba Yangu

Nyumba yangu ya kwanza ililiwa na ng'ombe. Watu nikiwaambia hucheka, wanadhani natoa mfano. Si mfano. Ukuta wa upande wa mashariki, kutoka chini mpaka usawa wa kifua changu, ulitafunwa ukaisha, na mimi nilikuwa nimelala ndani na mtoto wa siku nane.

Ilikuwa Gendabi, huku Hanang, miaka ile mashamba makubwa ya ngano ya serikali bado yana nguvu, kombaini zinapishana kutwa na vumbi lake unaliona ukiwa mbali kabisa. Mume wangu alikuwa dereva wa kombaini. Tulikaa kambini, chumba kimoja kwenye mabanda ya wafanyakazi, ukikohoa huku unapewa pole chumba cha pili. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Nilikotoka ni Mbulu, mlimani, kwa baba yangu, kwenye nyumba yenye shamba lake na mpaka wake unaojulikana, na moyo ulikataa katakata kuzaa mtoto wa kwanza kambini. Nikamwambia mume wangu nataka kwangu. Nilimwambia asubuhi, nikamwambia jioni, Jumapili nikamwambia tukitoka kanisani, mpaka akaenda serikali ya kijiji kuomba kiwanja.

Kiwanja tulipata, lakini kwa sharti. Kamati ya ardhi ilikuwa imechoshwa na wafanyakazi wa shamba. Wanaomba viwanja, halafu wanahamishwa, viwanja vinabaki vichaka. Kwa hiyo wakaamua kwamba ukipewa, uhamie. Ulale pale pale, upike pale pale, ujenge huku unaishi. Kabla mavuno hayajaisha kamati ingepita kukagua, na ikikuta hakuna mtu wala moto, kiwanja kinapewa mwingine siku hiyo hiyo. Hakuna aliyetuonyesha karatasi. Walisema tu, na kila mtu alijua kwamba hawatanii.

Basi tukahamia porini. Mume wangu aliomba marobota ya majani ya ngano, yale yanayofungwa na mashine baada ya kombaini kupita, akaruhusiwa kuchukua, akayaleta kwa trela la shamba. Tukayapanga kama mtu anavyopanga matofali, tukayakaza kwa kamba za katani, juu tukaweka fito na turubai kuukuu, mlango ukawa gunia. Mafiga niliyaweka nje, mbali na ukuta, nikayazungushia mawe, maana cheche moja tu ingetumaliza wote. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, debe la unga, sanduku langu la harusi, na joto. Nisiwe mwongo, nyumba ile ilikuwa na joto kuliko chumba cha kambini. Usiku wa kwanza nililala hadi jua likanichoma usoni.

Kosa letu hatukuliona, na ni kosa ambalo mtu wa mlimani tu angelifanya. Kwetu Mbulu ng'ombe anakaa zizini, mwenyewe unamkatia majani unamletea. Huku chini ng'ombe anatembea, na jani lolote lililo juu ya ardhi anajua ni lake. Sisi tukaja katikati ya wafugaji, kiangazi kimepamba moto, nchi nzima haina hata unyasi, tukajenga nyumba ya chakula cha ng'ombe. Mama mkwe wangu alipokuja kuisikia habari hiyo alikaa chini kwanza.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja mfugaji, boma lake umbali wa kurusha jiwe mara tatu. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na alikuwa mjumbe wa kamati ile ile ya ardhi. Kiwanja chetu, kabla hakijawa chetu, ndipo ndama wake walipokuwa wakichungwa, na alikuwa amekiomba kwa ajili ya mtoto wake akanyimwa. Tena kuna jambo jingine, na silifichi. Malisho yake ya kiangazi, yale ya baba yake na babu yake, yalikuwa yamelimwa ngano. Alikuwa akisimama na fimbo yake akiangalia kombaini zinavyokwenda na kurudi pale ambapo zamani ng'ombe wake walikuwa wakinenepa. Ilimuuma, na hata mimi ingeniuma. Lakini si mimi niliyelima. Kombaini hakuiweza, akaona aje apigane na robota la majani na mwanamke mwenye mimba.

Mara ya kwanza niliwakuta ndama wake wanachomoa majani kwenye ukuta wangu, na yeye mwenyewe amesimama hapo hapo, ameegemea fimbo, mguu mmoja juu ya goti la mwingine. Nikamsalimu, maana ndivyo nilivyolelewa. Shikamoo mzee. Akaitikia marahaba, akauliza habari za mlimani, habari za mvua, habari za mume wangu, habari za tumbo. Alikuwa na maneno mazuri, tena ya polepole. Na muda wote huo ndama wanatafuna. Nikamwambia, mzee, hiyo ni nyumba. Akaniangalia kwa upole.

"Ng'ombe hajui nyumba, mwanangu," akasema. "Anajua majani."

Halafu akapiga mluzi, nao wakaondoka zao taratibu. Nilimsikia akicheka peke yake njiani.

Tangu hapo walipita karibu kila siku, na kila wakipita nyumba ilipungua. Nilikuwa naziba kwa majani ya zamani, kwa matambara, kwa udongo ambao ulikuwa haushiki kwenye majani. Jumapili mume wangu alipokuja kutoka kambini, alikokuwa akilala siku za kazi, nikamweleza. Akasema yule ni balozi, ni mjumbe wa kamati, tukianza ugomvi sasa tutakosa vyote, tuvumilie mpaka kamati ipite. Mume wangu ni mtu wa amani. Kuishi na mtu wa amani kunachosha, nyie acheni tu.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nafyatua matofali. Nilikuwa na kalibu moja ya mbao, na udongo wa pale ni mzuri, unashika. Asubuhi nachota maji korongoni, nakanyaga udongo, nafyatua, naanika, na tumbo limenitangulia mpaka nikiinama sioni kalibu. Siku za mapumziko mume wangu alipandisha ukuta. Ilipofika mwezi wa saba nyumba ya kweli ilikuwa imefika usawa wa madirisha, haina paa, inanitazama. Nilikuwa nikichoka naenda kukaa katikati yake, kwenye chumba ambacho kingekuwa sebule, upepo wa Hanang unanipiga utosini, nasema hapa ni kwangu.

Mama mkwe akatuma ujumbe nipande Mbulu nikajifungulie kwake, kama ilivyo desturi kwa uzao wa kwanza. Nikakataa. Nikipanda, moto unazimika, na moto ukizimika kiwanja kimekwenda. Aliposikia kwamba nimekataa, mzee yule alikuja kunishauri. Hakuja na ndama siku hiyo, alikuja na kibuyu cha maziwa. Akaniambia mwanamke hazai kwenye majani kama mbuzi, nenda kwa mama yako, kiwanja hakina miguu. Alisema hivyo huku macho yake yanapima kiwanja kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Ile siku ndipo nilipomchukia sawasawa. Maziwa nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, alipokwenda nikayamwaga.

Nilijifungua asubuhi moja ya baridi, mtoto wa kike. Aliyenisaidia ni mke mkubwa wa mzee huyo huyo, kwa sababu ndiye mwanamke aliyekuwa karibu, nami nilipopiga kelele ndiye aliyesikia. Alikuwa mama mrefu, kavu, amevaa vazi lake la ngozi na bangili za shaba mkono mzima, Kiswahili chake cha kuokota neno moja moja. Alimpokea mtoto, akamfuta, akanifunga tumbo, akakaa mlangoni kama askari. Kila siku alikuja na maziwa na siagi, na siku moja akaniletea bonge la chumvi ya Ziwa Balangida, ya kutia kwenye supu. Mama huyo nilimpenda. Kuolewa na mtu fulani si kosa la mtu.

Ndiye aliyeniambia habari za sheria yao. Alikuwa akizungumza tu, kama mtu anavyozungumza habari za mvua. Akasema kwao mwanamke aliyezaa haguswi, hasumbuliwi, hatishwi, mpaka miezi yake iishe. Mwanaume akimvunjia heshima wakati huo, kesi yake haiendi kwa wazee wa kiume. Inakwenda kwa wanawake wote. Wanakaa wenyewe, wanahukumu wenyewe, na hakuna mwanaume, hata awe nani, anayeweza kutia neno. Nikamuuliza, hata akiwa balozi? Akacheka, akasema balozi ni wa serikali, sheria hii ni ya matumbo.

Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Mume wangu alikuwa shambani, mavuno yamefika kilele, haruhusiwi hata kutoka. Kamati ilikuwa imetangaza kupita Alhamisi. Mzee alikuwa mtu wa kamati, na nilikuwa na hakika kwamba atawaambia wenzake kwamba mimi sikai pale, nakuja tu na kuondoka. Wahenga walisema akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Nikalichukua lile bonge la chumvi, nikaliponda, nikaliyeyusha kwenye sufuria ya maji ya moto, nikazunguka nje taratibu, mwili wote unauma, nikaunyunyizia ukuta wa mashariki maji ya chumvi kwa ufagio. Niliunyunyizia mpaka majani yakalowa. Halafu nikaingia ndani, nikamkumbatia mwanangu, nikasubiri.

Mchana huo hawakuwa ndama. Walikuwa ng'ombe wazima, wanarudi kutoka kunywa maji, na walipofika usawa wa nyumba yangu wale wa mbele wakasimama, pua juu. Kisha wakaja wote. Nilisikia ndimi zao upande wa pili wa robota, zinakwangua. Nyumba ilianza kutikisika. Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuisimulia: siku hiyo yule mzee alijaribu kuwazuia. Alikuwa nyuma ya kundi, akaona linakwenda kusiko, akakimbia, mtu mzima yule, akawachapa kwa fimbo, akawaita mmoja mmoja kwa majina yao. Hawakumsikia. Ng'ombe akishaonja chumvi kiangazi, hata mwenyewe hamjui. Mimi nilikuwa namwona kupitia tundu ambalo lilizidi kupanuka, nikamwona jasho, nikaona hofu yake, na nilifurahi. Kamba zikakatika. Marobota ya juu yakaanguka nje, turubai likaporomoka upande mmoja, upepo ukaingia, pua ya ng'ombe ikafika kitandani. Hapo ndipo nikapiga kelele. Nilikuwa nimeziweka tayari tangu asubuhi.

Mke mkubwa alifika kwanza, na nyuma yake wake wenzake, na nyuma yao wanawake wa maboma mengine. Alisimama akaangalia. Mzazi wa siku nane, kitanda kiko wazi mbele ya watu, mtoto kifuani, ng'ombe wa mume wake bado wanalamba. Hakumwuliza mume wake kitu. Hata hakumwangalia. Akatoa sauti ambayo sijaisikia tena maishani, ndefu, na kutoka mbali wanawake wakaijibu.

Walitaka kunihamishia bomani kwake. Nikakataa, kwa sababu ya kamati. Walitaka angalau kunizibia ukuta, nikakataa tena, nikasema uachwe hivyo hivyo ili kila atakayehukumu auone. Wakasema mtoto atapigwa na baridi. Nikasema nitamfunika. Nililala pale siku mbili, ukuta wazi, mwezi wa saba, na ambaye hajawahi kulala nje Hanang mwezi wa saba asinifundishe habari ya baridi.

Siku ya pili wanawake walikaa. Walikaa chini ya miti ya miiba iliyo karibu na kiwanja changu, wengi kuliko nilivyodhani wako nchi ile, kila mmoja na fimbo yake. Sheria yao nawaachia wenyewe, nasema tu nilichokiona kutoka kitandani, na hicho nilikiona vizuri maana ukuta haukuwepo. Wako waliosema mimi ni mtu wa mlimani, mke wa mtu wa ngano, sheria hii si yangu. Mke mkubwa akasimama. Alisema kwa lugha yao, na msichana mmoja aliyesoma shule akanitafsiria baadaye.

"Amezaa," alisema. "Mwanamke aliyezaa ana kabila gani?"

Mzee alikuwa amesimamishwa mbali peke yake, juani. Alipoulizwa alisema neno moja tu, kwamba ng'ombe ni wake. Hakusema walikimbia, hakusema alijaribu. Wakamtoza fahali mweusi. Wakaenda bomani kwake wakiimba, wake zake mwenyewe mbele, wakamtoa fahali waliyemtaka wao, yule mwenye pembe moja iliyolegea ambaye mzee alikuwa akimwimbia jioni, na mimi nilikuwa namsikia akimwimbia. Wakamchinja karibu na mafiga yangu. Mwanaume hali nyama hiyo. Mke mkubwa akaniletea supu kwenye kibuyu, ina mafuta juu, nikainywa yote nikaomba nyingine. Ilikuwa tamu. Sitasema uongo kwa ajili ya kupendeza watu.

Kamati ilipita siku hiyo hiyo ya nyama. Ilikuwa Alhamisi. Wanaume wale walisimama kwenye njia, hawakuthubutu kusogea kwa sababu ya wanawake, wakawa wananyoosha shingo. Waliona moshi wangu. Waliona matofali yangu, na nyumba imefika kwenye madirisha. Mwenyekiti akamgeukia yule mzee, ambaye alikuwa amesimama nao kama mjumbe, akamuuliza kama kweli mama huyu anakaa hapa. Akasema, "Anakaa. Sijapita hapa nikakosa moto." Wakaandika. Hivyo ndivyo nilivyopata kwangu, kwa mdomo wa adui yangu, na nilimtazama akisema mpaka akainamisha kichwa.

Ningeweza kuishia hapo, na watu wote ninaowasimulia huwa naishia hapo.

Alasiri, wanawake wamekwisha kutawanyika, alikuja peke yake. Alisimama nje ya ukuta usiokuwepo, hakuvuka. Mkononi alikuwa na konzi ya majani ya ngano. Sikumsalimu. Mimi, mtoto wa mlimani, niliyefundishwa kumwamkia hata mlevi akiwa mtu mzima, nilikaa kitandani nikamtazama mzee wa umri wa baba yangu, nikafunga mdomo. Akasubiri shikamoo yake, haikuja.

"Nimeonja ukuta wako," akasema.

Uso niliushika. Nikamwambia kama ameonja, akawaambie wanawake. Tulijua wote wawili kwamba hawezi. Kesi imekwisha, fahali ameliwa, na mwanaume hana mdomo mahali pale. Akatikisa kichwa kidogo, wala si kwa hasira. Nilidhani atageuka aende. Badala yake akainamisha sikio upande wangu, kama anavyofanya mtu anayesikiliza kitu nyuma ya kelele.

"Mtoto anapumua vibaya," akasema. "Ndama akipumua hivyo hafiki kesho."

Nikamwambia mtoto anakoroma tu, na kwamba asiniroge. Kisha nikamfunua. Pua zake zilikuwa zinapanuka, kifua kinaingia ndani kila akivuta pumzi, midomo ina rangi ambayo sitaki kuitaja. Siku tatu nilikuwa nimempakata kama ushahidi. Nilimwonyesha kila aliyekuja, lakini mimi mwenyewe sikuwa nimemtazama.

Nikamfunika tena, nikainua macho. Mzee alikuwa ameshaondoka. Nilimwona anakimbia kuelekea barabara ya shamba, mara ya pili namwona akikimbia wiki ile, fimbo mkononi. Lilikuwa linakuja lori la ngano. Mtu yule hakuwahi kumpa mkono mtu yeyote wa mashamba, hata maji yao hakunywa. Akaenda akasimama katikati ya barabara, akanyoosha fimbo, lori likapiga honi, hakutoka. Dereva alipiga breki mpaka vumbi likawameza wote. Sikusikia walichosema. Niliona tu dereva anakuja mbio, ananibeba pamoja na mtoto, na mke mkubwa anapanda nyuma juu ya magunia ili anishike.

Zahanati ya shamba walimchoma sindano alasiri ile, na usiku, na siku sita zilizofuata. Mganga alisema tungechelewa hadi jioni tusingemkuta. Mume wangu alikuja na nguo za kazi, amejaa makapi, akalia mbele ya watu. Akauliza ilikuwaje. Nikamwambia ng'ombe wa mzee walikula nyumba, mtoto akapigwa na baridi, dereva wa lori akatusaidia. Yote ni kweli, kila neno. Mke mkubwa alikuwa amekaa pale pale, anasikia, na Kiswahili chake hakikuwa kidogo kiasi hicho. Hakunisahihisha. Mpaka leo sijui kama alijua habari ya chumvi yake, na sikuwahi kumuuliza.

Nyumba tuliimaliza kabla ya mvua. Mabati yalipandishwa, nikaingia, na tumeishi na mzee yule majirani zaidi ya miaka ishirini. Mashamba ya ngano yalidhoofika, kombaini zikaota kutu, mume wangu akawa mkulima kama watu wengine. Mzee hakurudisha tena ng'ombe karibu na kwangu. Sikumpa shikamoo hata siku moja. Tulipokutana njiani nilikuwa naangalia mlima, naye alikuwa anapita kimya, na watu waliokuwa wakituona walisema mama yule ana haki, mzee huyu alitaka kumuulia mtoto.

Binti yangu alikua na kifua kibovu. Kila baridi ikija anakohoa mpaka anashika ukuta. Alipokuwa na akili ya kuuliza, nilimwambia kwa nini. Nilimwambia mara nyingi, tangu hajaanza shule, kwamba mzee yule wa boma lile ndiye. Akimwona anabadili njia. Mara moja mzee alimwokotea ndoo yake korongoni, akamwekea kichwani. Mtoto akaishusha, akaimwaga, akachota upya. Alinisimulia mwenyewe, nikamsifu.

Mzee alipokufa, binti alikuwa nyumbani kwa likizo, mtu mzima sasa, mwalimu. Kijiji kizima kilikuwa kinakwenda msibani, wa mlimani na wa bondeni, mchungaji na wasio na kanisa. Nilikuwa najifunga khanga. Akaniuliza kama na yeye aende, maana ni jirani, watu watasema. Nikamwambia hana deni kule, akae nyumbani. Akakaa.

Nilikwenda, nikatupa udongo wangu kama wengine, nikarudi. Nilimkuta amepika, ananisubiri, anakohoa kidogo kwa sababu ya moshi. Alinitilia maji ya kunawa. Akaniuliza kama katika miaka yote hiyo mzee yule aliwahi hata mara moja kuja kuniomba msamaha.

Nikamwambia hapana, hajawahi. Na kweli hajawahi.